Kipimo Kilichoupita Mti: Uchambuzi wa Kisa cha Carl Woese

Tuseme kamati ya chuo kikuu imekutana mwaka 1975 kupima mchango wa mtafiti, na jalada lililofunguliwa mezani ni la Carl Woese wa idara ya mikrobiolojia, Chuo Kikuu cha Illinois mjini Urbana. Kamati hiyo ni ya kubuni, lakini jalada ni la kweli, na halikuwa la kumvutia mtu mwenye haraka. Lilikuwa na kitabu kimoja kuhusu msimbo wa jeni, kilichotoka mwaka 1967, na baada yake miaka mingi ya kazi ya kuchosha ambayo wengi katika fani yake hawakuona inaelekea wapi. Miaka miwili baadaye jalada hilohilo liliongezewa makala ya kurasa tatu iliyodai kwamba wanabiolojia wamekosea hesabu ya matawi makuu ya uhai. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba athari ya Woese kitaaluma haikupita kwenye mlango aliokusudia. Alitaka kuwaachia wanasayansi mti wa uhai, yaani mchoro wa ukoo wa viumbe vyote, uliopangwa upya. Kilichotumiwa na kila mtu, hata waliokataa mti wenyewe, ni kipimo alichokitumia kuupanga.

Woese alizaliwa mwaka 1928 mjini Syracuse, jimbo la New York. Hakusomea vijidudu. Shahada yake ya kwanza, aliyoipata Amherst mwaka 1950, ilikuwa ya hisabati na fizikia, na uzamivu wake wa Yale wa mwaka 1953 ulikuwa wa biofizikia. Alijaribu udaktari wa tiba huko Rochester akaachana nao baada ya miaka miwili, akafanya kazi katika maabara ya utafiti ya General Electric mjini Schenectady, na mwaka 1964 akahamia Illinois. Naitaja njia hii yenye kona nyingi kwa sababu inaeleza jambo moja la msingi: mtu huyu hakufundishwa mapema kwamba swali alilokuja kuliuliza ni swali lisilojibika.

Kwa wanabakteria wa wakati ule lilikuwa swali la namna hiyo kweli. Wanyama na mimea huacha mifupa, magamba na majani ndani ya miamba, na maumbo yao yanalinganishika. Bakteria ni vijiti, vidonge na vizibuo. Maumbo yao ni machache, hurudiwarudiwa, na hayamwambii mtu nani ndugu wa nani. Roger Stanier na C. B. van Niel, wawili kati ya wakubwa wa fani hiyo, walikuwa wametumia miaka wakitafuta uainishaji wa bakteria unaofuata nasaba, na hatimaye wakakata tamaa. Makala yao ya mwaka 1962 kuhusu maana ya bakteria iliweka mpaka mwingine: kuna seli zenye kiini, ambazo ni yukariota, na kuna seli zisizo na kiini, ambazo ni prokariota. Mgawanyo huo ulikuwa rahisi kufundisha na hadubini ya elektroni iliuunga mkono. Kasoro yake, ambayo wachache waliiona, ni kwamba kundi la pili lilitambulishwa kwa kitu ambacho halina. Kukosa kiini hakuthibitishi udugu, kama ambavyo kukosa mbawa hakumfanyi samaki kuwa ndugu wa karibu wa mbuzi.

Woese alikuwa na sababu yake ya kuitaka nasaba hiyo ya bakteria. Alikuwa akifikiria asili ya msimbo wa jeni, yaani namna seli ilivyojifunza kugeuza herufi za RNA, molekyuli inayobeba nakala ya maelezo ya jeni, kuwa protini, na alijua hawezi kusimulia chanzo cha mtambo huo bila kuwa na nasaba ya wanaoutumia. Mwaka 1965 Emile Zuckerkandl na Linus Pauling walikuwa wameeleza kwamba molekyuli zenyewe ni hati za historia: jinsi viumbe wawili walivyoachana zamani zaidi, ndivyo mfuatano wa herufi katika molekyuli zao unavyotofautiana zaidi. Mwezi Juni 1969 Woese alimwandikia Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, barua akimweleza nia yake ya kutafuta rekodi ya kale iliyohifadhiwa ndani ya seli yenyewe. Kwa lugha ya leo, hilo lilikuwa andiko la mradi, ila limeandikwa kama mtu anavyomwandikia rafiki anayemwomba ushauri.

Uamuzi uliozaa yote yaliyofuata ulikuwa wa kuchagua molekyuli. Alichagua RNA ya ribosomu, hasa ile inayoitwa 16S, ambayo kwa bakteria Escherichia coli ina nukleotidi, yaani herufi, 1,542. Ribosomu ndiyo karakana ya protini na hakuna seli inayoishi bila kuwa nayo, kwa hiyo bakteria wa udongoni, hamira na seli ya panya wote wanalinganishika kwa molekyuli moja. Imo kwa wingi, hivyo ilipatikana hata kwa mbinu za kizamani. Tena kazi yake haibadiliki, na sehemu zake nyingi hubadilika polepole mno huku nyingine zikibadilika haraka kidogo. Ni saa yenye mshale wa dakika na mshale wa karne kwa pamoja. Uchaguzi huu, kwa maoni yangu, una uzito kuliko ugunduzi wenyewe wa baadaye, maana watu wengine wangeweza kuufikia ugunduzi ule kwa njia tofauti, lakini kipimo kimoja kwa viumbe vyote kilihitaji mtu aamue mapema na ang'ang'anie.

Tuingie maabarani, kwa kuwa bila kuona kazi ilivyokuwa hatuwezi kuelewa kwa nini hakuna aliyekimbilia kumwiga. Wakati ule hapakuwa na njia ya kusoma RNA ndefu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwepo mbinu iliyotokana na kazi za mwanakemia wa Uingereza Frederick Sanger, ya kuikata vipande. Bakteria walioteshwa katika mchuzi wenye fosforasi-32, ambayo ni ya mionzi na hupungua kwa nusu kila baada ya siku 14 hivi, kwa hiyo kazi haikuruhusu kuahirishwa. RNA ikatolewa, ikasafishwa, ikawekewa kimeng'enya kinachokata baada ya kila herufi G. Vipande vilivyopatikana vikatenganishwa kwa umeme, kwanza kuelekea upande mmoja, kisha upande mwingine, juu ya karatasi maalumu iliyozamishwa katika tangi la kioevu. Karatasi ikalazwa juu ya filamu ya eksirei gizani. Filamu iliposafishwa ilionyesha madoa meusi yaliyotawanyika, na kila doa lilikuwa kipande au kundi la vipande vyenye herufi zilezile. Doa moja moja likakatwa kutoka kwenye karatasi na kutiwa vimeng'enya vingine ili mpangilio wa herufi zake ujulikane.

Baada ya hapo ilikuja kazi ya macho. Woese aliziweka filamu juu ya meza ya mwanga na kuzisoma, siku baada ya siku, akiorodhesha vipande vyenye herufi sita au zaidi, kwa sababu vifupi zaidi ya hapo hujirudia kwa bahati tu na havithibitishi kitu. Aliwahi kusimulia kwamba zilikuwepo siku alipokuwa akirudi nyumbani kwa miguu huku akijiambia kwamba ameiharibu akili yake tena. Wanafunzi na mafundi wa maabara walifanya kazi ya hatari na ya mikono, naye akafanya kazi ya kusoma ambayo pengine hakuna mwingine duniani aliyeifanya kwa kiwango kile. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu kwa upweke wake: mbinu inayosomeka na jozi moja ya macho haiwezi kukaguliwa kwa urahisi na wengine, na sehemu ya mashaka yaliyomkuta baadaye ilitokana na hali hiyo, si na ukaidi wa wakosoaji peke yake.

Katika idara hiyohiyo alikuwemo Ralph Wolfe, mtaalamu wa methanojeni, yaani vijidudu vinavyotengeneza gesi ya methani. Viumbe hao hufa wakiguswa na oksijeni, na kuwaotesha kwa wingi pamoja na fosforasi ya mionzi ilikuwa shida kubwa, hadi William Balch wa maabara ya Wolfe alipobuni mtindo wa kuwaotesha ndani ya mirija iliyozibwa na kushindiliwa gesi. Ufundi mdogo kama huo hausemwi katika hotuba za tuzo, ila bila mirija ya Balch filamu zile zisingekuwapo. Katikati ya mwaka 1976 walipima kiumbe cha kwanza cha kundi hilo. Madoa ambayo Woese alikuwa ameyaona kwa kila bakteria hayakuwapo. Madoa ya yukariota hayakuwapo pia. Alimfuata Wolfe na kumwambia kwamba viumbe hawa hata si bakteria, naye Wolfe, aliyewafuga kwa miaka mingi akiwaita bakteria, akamjibu kwamba lazima wawe bakteria kwa kuwa wanaonekana kama bakteria. Wakapima mwingine, na mwingine tena. Jibu lilikuwa lilelile.

Makala yenye hoja kuu, iliyoandikwa na Woese pamoja na mtafiti mwenzake George Fox, ilitoka Novemba 1977 katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Kiini chake ni jedwali moja la vipimo 13. Ulinganisho ulifanywa kwa namba rahisi: chukua herufi zote zilizomo katika vipande ambavyo viumbe wawili wanachangia, zizidishe kwa mbili, zigawanye kwa jumla ya herufi za orodha zote mbili. Viumbe wenye orodha zilezile hupata 1. Bakteria kwa bakteria, hata wale wasiofanana kabisa kwa tabia, walipata 0.2 au 0.3 hivi. Methanojeni kwa bakteria walipata karibu 0.1, na methanojeni kwa hamira vivyo hivyo karibu 0.1. Kwa maneno mengine, kiumbe kinachofanana na bakteria chini ya hadubini kiko mbali na bakteria sawa na kilivyo mbali na hamira. Kloroplasti ya mmea, sehemu ya seli inayonasa mwanga wa jua, ambayo pia ilikuwa katika jedwali, iliangukia upande wa bakteria, jambo lililounga mkono wazo kwamba ilitokana na bakteria aliyemezwa zamani. Jedwali moja lilijibu mawili, na la pili halikuhitaji hata kupigiwa kelele.

Kundi jipya waliliita arkeobakteria, jina lenye maana ya ukale, kwa kudhani kwamba maisha yasiyotumia oksijeni yalifaa dunia changa. Lilikuwa jina la haraka. Halikuthibitishwa na jedwali, na neno bakteria ndani yake likaendelea kuwadanganya wasomaji kwa miaka 13.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la namna ya kutangaza. NASA na Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, waliofadhili kazi hiyo, walitoa taarifa kwa vyombo vya habari, na tarehe 3 Novemba 1977 habari ya aina ya tatu ya uhai ikawa ukurasa wa mbele wa The New York Times, pamoja na picha ya Woese ameketi mbele ya ubao, raba zake zikiwa juu ya meza. Wanasayansi wengi walikutana na dai hilo gazetini kabla ya kuona data. Salvador Luria, mshindi wa Tuzo ya Nobel na mtu aliyewahi kufundisha Illinois, alimpigia simu Wolfe akimtaka ajitenge na upuuzi huo kabla haujamharibia jina. Wolfe alimweleza kwamba data zimo katika toleo la jarida lililotoka wakati uleule. Luria alikuwa nalo mezani lakini hakuwa amelifungua. Mazungumzo yakaishia hapo, na Wolfe alikiri baadaye kwamba siku zile alitamani ajifiche mahali.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushahidi wa wivu wa wakubwa. Mimi naona kinaonyesha jambo la kawaida zaidi. Msomi anayekutana na dai kubwa katika gazeti, kutoka kwa mtu ambaye hahudhurii mikutano na ambaye mbinu yake hakuna mwingine anayeijua, atalipuuza kwanza. Angefanya hivyo hata kama dai lenyewe ni sahihi. Uzito wa hoja ulihitaji ushahidi wa aina nyingine kutoka kwa watu wengine, na ushahidi huo ulikuja kutoka Ujerumani. Otto Kandler mjini Munich alikuwa tayari ameona kwamba kuta za seli za methanojeni hazina peptidoglaikani, kitu kinachopatikana kwa bakteria karibu wote wenye kuta. Wolfram Zillig alikuta kwamba kimeng'enya chao cha kunakili DNA kuwa RNA kinafanana na cha yukariota kuliko cha bakteria. Mafuta ya utando wao nayo yameunganishwa kwa viungo vya etha, si vya esta kama kwa bakteria na sisi. Vijidudu wa maji ya chumvi kali na wale wa chemchemi za moto zenye asidi, waliokuwa wakihesabiwa kama vituko vya hapa na pale, wakajikuta katika familia moja. Mwaka 1981 mkutano wa kwanza wa kundi hilo ulifanyika Munich, si Marekani. Mwaka 1990 Woese, Kandler na Mark Wheelis walipendekeza domeni tatu, yaani makundi makuu kabisa ya uhai, Bakteria, Arkea na Yukariota, na neno bakteria likafutwa hatimaye katika jina la kundi la kati.

Hadi hapo tumesimulia ushindi wa wazo. Athari iliyo pana zaidi ilikuwa ikitembea pembeni. Katika miaka ya 1980 Norman Pace na wenzake walitambua kwamba kama RNA ya ribosomu inatosha kumtambulisha kiumbe, basi si lazima kumwotesha maabarani kwanza. Unaweza kuchota maji, kutoa chembe za urithi zilizomo, kusoma 16S na kuilinganisha na orodha iliyopo. Hatua hiyo ilibadilisha fani nzima, kwa sababu vijidudu wengi wa duniani hawaoti kwenye sahani ya maabara. Kufikia wakati huo usomaji wa mfuatano mzima wa herufi ulikuwa umewezekana na filamu za madoa zimebaki kumbukumbu, lakini molekyuli ilikuwa ileile aliyoichagua Woese. Mwaka 1992 makundi mawili tofauti ya watafiti yalikuta arkea katika maji ya kawaida ya bahari, penye oksijeni na ubaridi, na hapo jina la ukale likazidi kupwaya.

Mwaka huohuo kipimo kiliingia hospitalini kwa namna ambayo Woese hakuwa ameitafuta. Ugonjwa wa Whipple ulijulikana tangu mwaka 1907, na bakteria walionekana katika tishu za utumbo wa wagonjwa, lakini hakuna aliyefaulu kuwaotesha. David Relman na wenzake walizidisha nakala za kipande cha jeni ya 16S moja kwa moja kutoka kwenye tishu, wakakisoma, wakamweka kiumbe huyo mahali pake katika ukoo wa bakteria. Daktari anayepokea leo majibu ya 16S kutoka maabara, kwa mgonjwa ambaye vipimo vya kuotesha havikuonyesha kitu, anaweza asilijue jina la Woese kabisa, na makala yake ya 1977 haitatajwa popote katika majibu hayo. Hesabu za kunukuliwa hazioni athari ya namna hii. Mbinu ikishazoeleka, watu huinukuu programu wanayoitumia au orodha ya data iliyo karibu nao, na aliyeianzisha husahaulika ndani ya msamiati.

Kuhusu heshima alizopata naweza kupita haraka: ufadhili wa MacArthur mwaka 1984, Medali ya Leeuwenhoek mwaka 1992, Medali ya Taifa ya Sayansi mwaka 2000, Tuzo ya Crafoord mwaka 2003. Nobel hakuipata. Alifariki tarehe 30 Desemba 2012 akiwa na miaka 84. Lenye manufaa zaidi kwa mchambuzi ni kwamba ubishi haukukoma kwa medali. Mwaka 1998 Ernst Mayr, mmoja wa wakubwa wa elimu ya mageuko, alitetea mgawanyo wa sehemu mbili, akisema tofauti za arkea na bakteria ni ndogo zikipimwa mbele ya tofauti kubwa ya maumbo kati yao na yukariota. Woese alijibu mwaka uleule kwa ukali. Wawili hao hawakuwa wakibishana kuhusu data. Kila mmoja alikuwa na jibu lake kuhusu uainishaji ni wa nini, Mayr akitaka uonyeshe viumbe walivyo, Woese akitaka uonyeshe walikotoka.

Mti wenyewe ulitikiswa tena, safari hii kutoka ndani. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Uppsala lilitangaza arkea wapya kutoka kwenye tope la sakafu ya bahari kati ya Greenland na Norwe, wenye jeni nyingi ambazo zilidhaniwa kuwa za yukariota tu. Tangu hapo wengi wanaona kwamba yukariota si tawi linalosimama sambamba na arkea, bali limechipuka ndani ya arkea wenyewe, na hivyo matawi makuu ni mawili, Bakteria na Arkea, sisi tukiwa sehemu ya la pili. James Lake alikuwa amependekeza jambo la karibu na hilo tangu mwaka 1984, na Woese hakulikubali. Kama hoja ya domeni mbili itasimama, idadi ya mwaka 1990 itakuwa imekosewa, lakini mpaka kati ya arkea na bakteria, ule wa jedwali la 1977, utakuwa umethibitika zaidi kuliko alivyouacha.

Mwaka 2020 watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyomwotesha kwa mara ya kwanza kiumbe wa ukoo wa arkea wale waliotangazwa mwaka 2015. Iliwachukua miaka 12. Anaongezeka polepole sana, akihitaji majuma mawili au zaidi kujigawa mara moja, na kwa muda mrefu hakuonekana hata kuutia mchuzi ukungu. Walijua yumo kwa kufuatilia jeni yake ya RNA ya ribosomu. Hakukubali kuishi peke yake, na mwenzake aliyebaki naye ndani ya chupa alikuwa methanojeni.